Nafasi Safuni: Futari na Idi kwa Watu Wenye Ulemavu, Kuanzia Mwandiga Hadi Ziwani

Hafla ya Ramadhani au ya Idi huwa jumuishi pale mtu mwenye ulemavu anapopata taarifa mapema kama wengine, akafika, akaingia, akashiriki na kurudi nyumbani salama, bila kuwekwa pembeni wala kugeuzwa kivutio cha kamera. Mambo hayo yanaonekana madogo. Kwa mkazi wa Mwandiga anayetembelea magongo, kwa binti kiziwi wa Ujiji, au kwa mzee asiyeona wa kijiji cha mwambao wa ziwa kaskazini mwa Kibirizi, panapopandiwa boti, hayo ndiyo yanayoamua kama mwezi mtukufu utakuwa wa kukutana na watu au wa kushinda ndani.

Mwandiga ni mji mdogo wa njia panda, kilomita chache kutoka Kigoma mjini, pale barabara ya Kasulu inapoachana na ile ya Manyovu iendayo mpaka wa Burundi. Ni mahali pa soko, daladala na bodaboda. Upande wa chini, karibu na Ziwa Tanganyika, uko Ujiji, mji ambao Uislamu uliingia pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19 ukaota mizizi kwa Waha, Wamanyema na wageni waliotoka pwani. Ramadhani ya ukanda huu ni ya majirani: sinia hutoka nyumba hii kwenda ile, watoto hutumwa na vyungu vya uji, na baada ya magharibi barazani hakosekani mtu. Mahali penye mazoea ya namna hiyo, anayekosekana huonekana. Au angalau alipaswa kuonekana.

Sensa ya mwaka 2022 iliukuta mkoa wa Kigoma ukiwa na watu zaidi ya milioni 2.4. Kwa taifa zima, ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Hesabu hiyo ikipelekwa msikitini, katika safu ya watu kumi wanaosali tarawehe mmoja angetarajiwa awe na ulemavu. Msikiti ambao mwezi mzima haujamwona hata mmoja una la kujiuliza kuhusu ngazi zake, choo chake na mwaliko wake.

Desturi iliyozoeleka zaidi nchini ni ya kufuturisha makundi maalumu. Kila Ramadhani viongozi, mabenki, makampuni na taasisi za dini huandaa futari kwa yatima, wazee na watu wenye ulemavu, pengine ukumbini, pengine shuleni au kwenye kituo cha malezi. Kulisha mfungaji ni ibada, na chakula hicho hufika kwa watu wanaokihitaji kweli. Lakini futari ya namna hiyo ikiwa ndiyo ya pekee, mtu mwenye ulemavu anabaki mwaka mzima na cheo kimoja tu, cha kupokea. Anakaribishwa mara moja, anapigwa picha akishikana mkono na mgeni rasmi, anapewa mfuko wa mchele na sukari, halafu usiku wa pili yake msikiti wa mtaani kwake unaendelea na tarawehe ambayo yeye hawezi kuingia. Msaada haujakosewa, kilichokosewa ni kuuchukua kama ndio mwisho wa wajibu.

Historia ya dini yenyewe inatoa mifano iliyo bora kuliko hiyo. Abdullah bin Ummi Maktum, sahaba asiyeona, alikuwa mmoja wa waadhini wawili wa Mtume mjini Madina. Bilal, mwadhini mwenzake, aliadhini kungali usiku ili wanaofunga waendelee kula daku. Adhana ya Ibn Ummi Maktum ndiyo iliyokuwa alama ya kuacha kula. Kwa kuwa hakuona mwanga wa alfajiri, hakuadhini mpaka aambiwe kwamba kumekucha. Saumu ya mji mzima, basi, ilisimama juu ya sauti ya mtu asiyeona na taarifa ya mtu mwingine mwenye macho, na hakuna aliyeona ni busara kumpa kazi hiyo mwingine ili kurahisisha mambo. Mara kadhaa Mtume aliposafiri, yeye ndiye aliyeachiwa kuwasalisha watu wa Madina.

Mfano wa pili ni wa Itban bin Malik, aliyekuwa akiwasalisha watu wa kabila lake huku macho yake yakiwa yamedhoofika. Mvua ikinyesha, bonde lililokuwa kati ya nyumba yake na msikiti lilijaa maji asiweze kuvuka. Alimwomba Mtume aje asali nyumbani kwake ili apafanye mahali pa sala, na Mtume alikwenda pamoja na Abu Bakr, akauliza mwenyeji anataka pasaliwe wapi, akasali hapo. Kisha wageni wakazuiwa wasiondoke mpaka wale, na watu wa mtaa wakajaa nyumbani. Mwenye ulemavu hapa ndiye mwenyeji, ndiye mpishi wa wageni, na ndiye anayeonyesha mahali pa kusalia. Familia nyingi za Mwandiga zingeweza kufanya futari ya jirani katika uwanja wa nyumba ya mtu asiyeweza kutoka, na gharama isingezidi hata kidogo.

Kwa upande wa sheria, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Ibara ya 30 ya mkataba huo inahusu ushiriki katika utamaduni, burudani na michezo kwa usawa na wengine, na sikukuu ya Idi imo humo. Sheria ya 2010 iliweka pia kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa kwenda juu. Kamati ya msikiti inayotaka kujua nani yuko wapi na anahitaji nini ina wa kumuuliza: kamati hizo, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na vyama vya watu wenye ulemavu vilivyo chini ya shirikisho lao, SHIVYAWATA, kama vile CHAVITA cha viziwi na TLB cha wasioona.

Maandalizi huanza kabla ya mwezi kuandama, na jambo la kwanza ni saumu yenyewe. Watu wengi huchanganya ulemavu na ugonjwa. Kiziwi, asiyeona, aliyekatwa mguu au aliyepooza mguu mmoja kwa polio anafunga kama kawaida, na kumwambia kwa huruma kwamba yeye ale tu ni kumnyang'anya ibada yake. Wapo ambao hali zao ni nyingine. Aliyeumia uti wa mgongo mara nyingi anahitaji maji mengi mchana kulinda figo na kibofu. Mwenye kifafa anaweza kuanguka akivuruga saa za dawa. Hao wanapaswa kuzungumza na mganga wa zahanati au kituo cha afya kabla ya Ramadhani, wakiwa na wiki kadhaa mkononi za kupanga upya dozi. Kurani imewapa nafuu wagonjwa, na asiyetarajia kuweza kulipa baadaye hutoa fidia ya kulisha maskini. Asiyefunga kwa sababu hiyo ana haki ya kukaa kwenye futari kama mwingine yeyote, bila kuulizwa mbele za watu kama leo kafunga. Ni swali la mazoea tu, lakini limewafukuza wengi mkekani.

Watu wenye ulemavu wa akili hawana wajibu wa kidini wa kufunga pale ambapo hawaufahamu wajibu wenyewe. Hata hivyo kijana mwenye hali hiyo anaweza kuamka daku na nyumba yake, akajaribu nusu siku, akaufurahia mwezi. Hakuna sababu ya kumwacha usingizini kila usiku.

Kisha kuna suala la saa. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi, ilhali saa inayotumika ni ileile ya Dar es Salaam. Katika miezi ya Februari na Machi jua huzama Dar es Salaam kiasi cha saa 12 na nusu jioni, na Kigoma baada ya saa 1, tofauti ya takriban dakika 40. Adhana ya magharibi inayorushwa na redio ya Dar es Salaam hulia wakati jua bado linaonekana juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Mwenye macho hutazama nje akajua. Asiyeona anayeishi peke yake na redio yake anahitaji ratiba ya Kigoma asomewe mapema, au jirani wa kumpigia simu. Kiziwi naye hasikii adhana yoyote, ya redio wala ya msikiti. Kwake simu ya mtetemo iliyowekwa chini ya mto ndiyo ya kumwamshia daku, na mkono wa mtoto begani ndio adhana ya magharibi. Msikiti ukiwa na taa ya kijani mnarani inayowashwa adhana inapoanza, viziwi wa mtaa mzima wanafuturu kwa wakati.

Tofauti hiyo ya saa inagusa pia usiku. Isha huingia karibu saa 2 na dakika 20, na tarawehe hukamilika saa 3 na zaidi. Saa hizo daladala za Mwandiga zimepungua na bei ya bodaboda imepanda. Mtu anayetumia kitimwendo hawezi kupanda pikipiki. Anahitaji bajaji yenye nafasi ya kukunjia kiti nyuma, na dereva aliyeambiwa tangu mchana. Hafla ya futari iliyoandaliwa kwa uangalifu wote lakini ikamwacha mgeni wake barabarani saa 4 usiku haijakamilika. Wenye bajaji wawili au watatu waliokubaliana na kamati ya msikiti kwa mwezi mzima ni dawa rahisi, na thawabu yao haihitaji kuelezwa.

Usiku una uzito mwingine kwa watu wenye ualbino. Katika miaka ya baada ya 2006 mauaji na mashambulizi dhidi yao yaliutikisa ukanda wa Ziwa Victoria na magharibi mwa nchi, na kituo cha Kabanga, Kasulu, kikawa kimbilio la watoto waliokimbia makwao. Hali imetulia kuliko ilivyokuwa, lakini wazazi waliopitia kipindi kile hawamwachii mtoto atoke daku au tarawehe bila mtu mzima, na hawastahili kulaumiwa. Kumsindikiza jirani kwenda na kurudi msikitini, kundi kwa kundi, ni sehemu ya kuandaa tarawehe kama ilivyo kutandika mikeka.

Futari yenyewe ina mambo yake, na sinia moja linatosha kuyaonyesha. Mkeka umetandikwa uwanjani, watu sita wameketi wakilizunguka sinia lenye mihogo ya nazi, maharage, magimbi na vipande vya migebuka. Kando kuna chupa ya uji wa moto, bakuli la tende na jagi la maji ya kunawa. Mzee asiyeona akiketishwa bila neno, mkono wake utaanza kutafuta, utagusa chakula cha wenzake au chupa ya moto, na yeye mwenyewe ataamua kula kidogo ili asisumbue. Inatosha jirani yake kumwambia, "Mzee, shikamoo. Mihogo iko mbele yako, samaki mkono wa kulia, nimeshatoa miba. Uji niachie mimi nikumiminie." Jina la aliyeketi kushoto na la aliyeketi kulia litajwe pia, kwa sababu mazungumzo ya futari ni nusu ya futari.

Mwenye kitimwendo, mwenye mguu wa bandia na bibi mwenye magoti mabovu hawawezi kushuka mkekani. Kinachofanyika mara nyingi ni kumletea mmoja wao sahani yake mlangoni akala peke yake, akiwatazama wenzake kutoka juu. Jamvi likae karibu na baraza, meza fupi na mabenchi viwekwe kwenye mviringo uleule, na watu wazima wawili watatu wasio na ulemavu wakae hapo pia. Hilo la mwisho ndilo lenye maana kuliko meza yenyewe. Kwa viziwi kinachohitajika ni mwanga: balbu iliyo juu ya sinia, isiyompiga mtu machoni, ili mikono na nyuso zionekane. Futari ya gizani kwa kiziwi ni futari ya kimya.

Msikitini vizuizi vinajulikana kwa macho: ngazi tatu za saruji, kizingiti, mahali pa udhu penye utelezi, choo cha kuchuchumaa chenye mlango mwembamba. Njia ya mteremko inayokubalika kwa kitimwendo huhitaji urefu wa sentimita 12 kwa kila sentimita 1 ya kupanda, kwa hiyo ngazi moja ya sentimita 15 inataka mteremko wa karibu mita 2. Fundi wa Mwandiga huimaliza kazi hiyo kwa mifuko michache ya saruji. Mafundi wengine hujenga mteremko mkali kama paa, mtu akauogopa kuliko zile ngazi; ndiyo maana mwenye kitimwendo aitwe aujaribu kabla fundi hajaondoka. Kwenye udhu, kiti cha plastiki, bomba lililo usawa wa mkono wa aliyeketi na chuma cha kushikia ukutani vinatosha.

Swali linaloulizwa sana ni la magurudumu: kiti kimetoka tope la barabarani, kitaingiaje mahali pa sala? Kinafutwa kwa kitambaa chenye maji mlangoni, au magurudumu yanavishwa mifuko ya nguo iliyoshonwa kwa kazi hiyo, au kipande cha jamvi la plastiki kinatandikwa juu ya zulia. Kumwambia mtu asalie kibarazani kwa ajili ya zulia ni kulipa zulia heshima isiyo yake. Kuhusu safu, utaratibu unaotolewa na wanavyuoni ni kwamba anayesali kwa kuketi mwanzo mpaka mwisho huweka kiti chake ili yeye awe sawa na mabega ya wenzake, sio hatua moja nyuma. Na sala ya aliyeketi kwa udhuru ina thamani kamili. Nafasi yake isiwe daima nyuma kabisa karibu na viatu.

Upande wa wanawake mara nyingi ndio mbaya zaidi: chumba kidogo cha nyuma, ghorofa isiyo na njia nyingine ila ngazi, au hakuna kitu. Mwanamke mwenye ulemavu anakutana na milango miwili iliyofungwa badala ya mmoja. Kamati zinazokagua jengo bila mwanamke hata mmoja ndani yake hukagua nusu ya jengo.

Kiziwi anaingia msikitini bila shida ya ngazi, lakini hotuba na darsa zinampita. Mkalimani wa lugha ya alama akisimama karibu na mimbari, penye mwanga, na viziwi wakapewa safu za mbele, mambo hubadilika. Na kwa kuwa wanawake husali kando, anahitajika mkalimani wa pili, au pazia lipangwe namna ambayo anaonekana pande zote. Katika Msikiti Mtukufu wa Makka hotuba ya Ijumaa hufasiriwa kwa lugha ya alama. Kigoma wakalimani ni wachache, na wenye msamiati wa dini ni wachache zaidi, kwa hiyo njia ya karibu ni imamu kuandika muhtasari wa hotuba mapema na kuutuma kwa simu, huku vijana wa mtaa wakijifunza alama za msingi. Tatizo hili limeanzia mbali, madrasa. Mtoto kiziwi ambaye hakupelekwa chuoni kwa sababu mwalimu hakujua amfundisheje, anakua akiiga rukuu na sijida bila kuambiwa kinachosemwa ndani yake. Watoto wasioona kwa kawaida wamepata bahati kidogo, kwa kuwa kuhifadhi kwa masikio ni njia ya asili ya chuo cha Kurani, na kwa anayetaka kusoma mwenyewe ipo Kurani ya nukta nundu, ambayo husomwa kutoka kushoto kwenda kulia ingawa maandishi ya Kiarabu huenda kinyume chake.

Kwa mtoto mwenye usonji, spika kubwa ya tarawehe ni mateso halisi. Huziba masikio, hulia, hukimbia kati ya safu, na mama yake huondoka kwa aibu asirudi tena. Chumba au kona iliyo mbali na spika, ruhusa ya kutoka na kuingia, na imamu kutangaza usiku wa kwanza kwamba watoto hawa ni wageni wa msikiti, ndivyo vinavyombakisha mama huyo. Nchini Marekani taasisi ya Waislamu iitwayo MUHSEN, iliyoanzishwa mwaka 2014, hukagua misikiti na kuipa vyeti kulingana na ilivyojiandaa kwa watu wenye ulemavu na familia zao. Hapa hakuna haja ya kusubiri cheti. Tangazo la imamu halina gharama.

Katika siku za mwisho za Ramadhani huja zakatul fitri, pishi moja ya chakula cha watu wa mahali kwa kila nafsi, itolewe kabla ya sala ya Idi. Mtu mwenye ulemavu aliye na uwezo huitoa kama mwingine, na kumwekea jina kwenye orodha ya wapokeaji bila kumuuliza ni dharau hata kama haikukusudiwa. Mwenye kustahili naye asisimamishwe foleni. Watu huambiwa wafike asubuhi, ugawaji huanza adhuhuri, na mwenye magongo au mwenye ualbino hubaki juani kwa saa nne. Mchele unaopelekwa nyumbani usiku wa kuamkia Idi, kimyakimya, humfikia mtu akiwa bado na nafasi ya kuupika siku yenyewe.

Taarifa ya mwezi kuandama hutolewa usiku, kwa redio, televisheni na spika za misikiti, na huwa wapo wanaofuata mwandamo wa ndani na wanaofuata wa nje, kwa hiyo mtaa mmoja unaweza kuwa na Idi mbili. Kiziwi anayetegemea kupewa habari na wengine huipata asubuhi, akiwa hajajiandaa. Ujumbe mfupi wa simu humaliza jambo hilo, na humsaidia pia aliyekodi bajaji kujua ni siku ipi.

Sala ya Idi ilikusudiwa tangu mwanzo iwe ya kila mtu. Kwa mapokezi ya sahaba Ummu Atiyya, Mtume aliamuru watolewe hata wasichana wasiotoka nje na hata wanawake walio katika hedhi, wao wakikaa kando ya mahali pa sala wapate kheri na dua ya Waislamu. Na asiye na jilbabu, mwenzake ampatie moja ya zake. Kisingizio cha kukosa nguo kilijibiwa kwa kuazimana nguo. Kisingizio cha kukosa usafiri kinaweza kujibiwa vivyo hivyo.

Uwanja ndio mtihani mkubwa wa siku. Mwaka wa Hijria hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 dhidi ya kalenda ya kawaida. Ramadhani ya 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, ya 2026 nusu ya pili ya Februari, na mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja Januari na nyingine ikianza mwishoni mwa Desemba. Kigoma mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa ijayo Idi el-Fitri itasaliwa kwenye udongo uliolowa. Gurudumu la mbele la kitimwendo ni dogo, na kwenye nyasi zenye tope huzama na kugoma kabisa. Wanaochagua uwanja watazame mahali palipo karibu na lami, waweke mbao au majamvi magumu kutoka barabarani mpaka kwenye safu, na watenge sehemu ya kushukia ambayo bodaboda hazitaiziba. Kama mvua ikinyesha sala ikahamia msikitini, wa kwanza kupewa habari wawe wale ambao kugeuza njia kwao ni kazi.

Baada ya sala jua huwa limepanda. Baraza la Idi, maulidi, kaswida na michezo ya watoto huchukua mchana, na kwa mtu mwenye ualbino turubai sio anasa. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua yatangulie. Yale yanayotengenezwa Moshi katika hospitali ya KCMC, KiliSun, yalibuniwa kwa ajili yao. Ratiba inayomaliza shughuli za nje mapema na kuzirudisha alasiri inawafaa wazee na watoto pia.

Watoto wenye ulemavu hukumbukwa kwa nguo mpya na kusahauliwa kwenye michezo. Bembea yenye mgongo na mkanda humfaa mwenye mtindio wa ubongo. Mpira wenye njuga ndani huchezwa na asiyeona. Mashindano ya kuhifadhi Kurani yanaweza kumpa muda zaidi anayesema kwa shida. Wafanyabiashara wa siku hiyo nao wamo. Fungu la asilimia 2 la mapato ya ndani ya halmashauri limetengwa kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya watu wenye ulemavu, na kikundi cha kushona kanzu au kukaanga samaki kikipewa meza mbele ya uwanja kitauza kwa saa chache kiasi ambacho siku ya kawaida hakiuzi.

Alasiri ya Idi wengi hushuka ziwani, na wageni kutoka vijiji vya kaskazini, Mwamgongo, Kagunga na vinginevyo, hupanda boti Kibirizi kurudi kwao. Pasipo na gati hali huwa ngumu kweli. Boti hupandwa kwa kuingia majini mpaka magotini au kwa kupita juu ya ubao mwembamba unaocheza, na asiyeweza kufanya hivyo hubebwa mgongoni kama mzigo. Gati lingekuwa jibu. Kwa sasa kuna adabu ya kubeba: mhusika aulizwe anataka kubebwa vipi na nani, mwanamke abebwe na maharimu wake au wanawake wenzake kwa kiti, wabebaji wawe wawili, kiti chake kitangulie botini kikiwa kikavu, na boya la kujiokolea lifungwe kabla ya kamba kufunguliwa. Nahodha apakie watu hao kwanza, boti ikiwa bado tupu na tulivu, na awashushe mwisho.

Siku 70 hivi baada ya Idi ndogo huja Idi ya kuchinja. Mwaka 2026 inaangukia mwishoni mwa Mei, mvua zikiwa zimekatika na uwanja umekauka. Mbao za tope hazitahitajika. Kitakachohitajika ni orodha iliyotengenezwa Ramadhani: nani anaishi wapi, nani husali akiwa ameketi, nani hutumiwa ujumbe badala ya kupigiwa simu, nani ana mnyama wake wa kuchinja na anatafuta wa kumsaidia kugawa nyama. Kamati nyingi huitupa orodha hiyo Shawali, kisha huanza upya kuuliza majina mwaka unaofuata.